Memori Yenye Rangi ya Kucha

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapa. Mnaoingia leo, karibuni, ila kama mnasoma huku mnakula, sogezeni sahani kwanza.

Kwa kifupi: mume wangu alikwenda kutafuta kazi, na mpaka leo hajaipata wala yeye mwenyewe hajapatikana. Redioni nilikokuwa nikisoma matangazo ya vifo nilifukuzwa kwa kupiga chafya katikati ya jina la marehemu. Nikarudi kwa mama mkwe, nikapewa chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea magunia matupu, na kila asubuhi nakumbushwa kwamba si changu. Wiki iliyopita niliishia pale redio nyingine iliponipigia simu: wanatafuta mtu wa michezo ya kuigiza. Nitengeneze mchezo mmoja mfupi, sauti zote nizifanye mwenyewe, niwatumie kabla ya Jumatatu saa sita mchana.

Nikiipata kazi ile, nahama. Chumba changu, mlango wangu, ufunguo wangu. Nilikuwa sitaki kitu kingine chochote duniani.

Shida ilikuwa kompyuta. Ni ile ya mezani aliyoniachia mume wangu, nadhani kwa sababu ilikuwa nzito kubeba. Nikiweka sauti ya bibi peke yake, inakwenda. Nikiongeza ya mjukuu, inachechemea. Nikiongeza mvua na mtu anayegonga mlango, inaganda. Mshale unasimama pale pale, mimi natukana, mama mkwe anagonga ukuta.

"Unamtukana nani humo ndani?"

"Mashine, mama."

"Basi itukane kwa adabu."

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimejifunika blanketi mimi na maiki, maana hiyo ndiyo studio yangu, nikimalizia maneno ya mwisho ya yule bibi. Ndiyo kwanza nimesema, "Mwanangu, funga mlango," mlango ukafunguliwa. Hodi hakuna.

"Shemeji, unaongea na nani humo?"

Ni Injinia. Huyu ni mdogo wake mume wangu, na jina hilo alijipa mwenyewe siku alipofungua simu ya watu na ikakubali kufungika. Kucha ya kidole chake kidogo ameifuga, ndefu, ya njano. Ndiyo bisibisi yake, ndiyo kijiti chake cha meno, ndiyo anayojichokolea sikio. Kazi zote hizo kwa zamu, bila kunawa. Nikiiona tu nyongo inanipanda.

"Naongea na bibi kizee," nikamjibu humo humo ndani ya blanketi.

"Yuko wapi?"

"Ni mimi. Toka."

Hakutoka. Alikaa kitandani kwangu akaanza kumenya yai la kuchemsha, maganda akayaachia shukani. Huyu mtu hajawahi kuonekana bila yai. Mamake anamchemshia matatu kila asubuhi ati ubongo wake unafanya kazi nyingi.

"Mashine imekushinda tena?"

"Inaganda. Ya Mama Alama hapo jirani inapaa. Aliongezewa memori, sasa hata afungue vitu vyote kwa pamoja haitikisiki."

"Ana vipande vingapi?"

"Vinne, nasikia. Mwanamke anachapa kadi za harusi tu, memori zote hizo za nini? Angepunguziwa kipande kimoja wala asingehisi."

Nikacheka. Naye akacheka, na kiini cha yai kikaonekana mpaka kwenye fizi.

Ulikuwa utani, jamani. Nawaapia. Tena utani wa mtu aliyejifunika blanketi.

Mama Alama nampenda, naomba hilo mlishike. Mama mkwe alipokuwa anaficha unga, ni yeye aliyekuwa akinipitishia sahani juu ya ukuta. Wanamwita hivyo kwa sababu kila anachomiliki amekitia tone la rangi ya kucha, zambarau iliyokoza: masufuria, miiko, viti, mwavuli, hata jiwe lake la kusugulia miguu. Watu wanaazima vyombo vyake vya shughuli, halafu wanamrudishia vya mashangazi zao vilivyotoboka. Sasa hadanganyiki. Anageuza kitako cha sufuria, akiona tone lake anapokea, asipoliona anakurudisha ulikotoka.

Injinia alipotoka nikafunua blanketi, nikakuta kumbe bado narekodi. Nikazima. Nikajisemea mkia ule wa maongezi yetu nitaukata mashine ikipata nafuu, maana siku hiyo hata kukata faili kulikuwa kunaigandisha.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Injinia akaingia anapiga mluzi. Hodi hakuna.

"Shemeji, leo utaniita kaka." Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye tishu. Ile tishu ilikuwa imetumika, sitaki kueleza zaidi. "Memori. Kipande kizima."

"Umeitoa wapi?"

"Mjini, kwa jamaa yangu mmoja. Zawadi. Wewe si dada yangu?"

Nilipaswa kuuliza zaidi. Lakini nilikuwa nimeshauona ule mlango wangu na ufunguo wangu, nikanyamaza.

Akafungua kasha la kompyuta kwa kucha. Mungu wangu! Mende wakatoka, wakasimama kidogo, kisha wote kwa pamoja wakakimbilia kitandani kwangu. Chini kabisa vumbi limeshikana na nywele fupi fupi, ngumu. Nikazitambua. Ni ndevu za mume wangu, alizokuwa akinyolea pale pale mezani nikimwambia kila siku atoke nje. Mwenyewe ameondoka, ndevu nimeachiwa mimi. Na kwenye feni kulikuwa na mjusi, amekauka, mdomo wazi.

Nikaziba pua. "Mtoe! Mtoe huyo!"

Injinia akamchokoa mjusi kwa ile kucha, akamrusha nje dirishani, akaingiza kidole mdomoni kutoa kipande cha yai kilichonasa. Kidole kile kile. Nikakimbilia uani nikatapika chakula chote cha mchana, na mama mkwe akapaza sauti kutoka jikoni, "Usije ukawa umebeba mimba na mwanangu hayupo!"

Niliporudi nikamkuta Injinia ameishika memori, anailamba. Pale kwenye yale meno ya memori, ya rangi ya dhahabu, yanayoingia kwenye kompyuta. Anailamba kabisa, ulimi umetoka.

"Unafanya nini wewe?"

"Mate yanapitisha umeme, shemeji. Hamkufundishwa shuleni?"

Akaifuta kwenye suruali, akaipachika, akawasha. Skrini nyeusi. Bip! Bip! Bip! Akazima, akawasha. Bip! Bip! Bip!

"Imeshtuka," akasema. "Ni mgeni, haijazoeana na mwenzake. Iache ipumzike, nikirudi itakuwa imekubali." Akaenda zake.

Nilikaa kwenye gunia nikiangalia lile kasha lililo wazi. Jumapili imekwisha nusu. Nikakumbuka kule redioni mashine ikilia hivyo fundi mitambo alikuwa akichomoa memori, anayasugua yale meno kwa raba ya penseli, anairudisha. Nikatafuta raba. Nikafunga kitambaa puani, nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikachomoa kile kipande chenye mate ya shemeji yangu. Nikakisugua upande mmoja. Nikakigeuza.

Kwenye kona, dogo, nadhifu, limekauka vizuri, lilikuwepo tone la rangi ya kucha. Zambarau.

Niliusogeza uso karibu nikidhani macho yananidanganya. Hayakunidanganya. Mtaa mzima nani mwingine anapaka rangi ile? Nani mwingine ana akili ya kutia alama hata kwenye matumbo ya kompyuta yake, akijua mafundi walivyo?

Nikamchukia Injinia kuliko wale mende. Mwanamke yule anampa chai kila anapopita mlangoni kwake!

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotakiwa kuinuka. Ukuta wa Mama Alama naufikia kwa mkono. Ningesema tu, "Mama Alama, njoo, kitu chako hiki hapa," basi, mambo yangeisha, tungemcheka Injinia mpaka machozi.

Sikuinuka.

Nilisema moyoni, ni mpaka kesho saa sita tu. Nikishatuma, nachomoa, namrudishia, namweleza kila kitu. Nikaipitisha raba mara ya mwisho, nikakirudisha kile kipande kwenye nafasi yake, nikakikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili mpaka zile klipu za pembeni zikalia, ta, ta. Nikawasha.

Skrini ikaja. Jamani, ilikuja! Nikaweka bibi, nikaweka mjukuu, nikaweka mvua, nikaweka mlango, nikaongeza na mbwa ambaye hata hakuwemo kwenye mchezo. Haikuganda. Nilijipiga kofi la furaha pajani, halafu nikajiona kwenye kioo cha ukutani na ile mifuko ya nailoni mikononi, nikajichukia. Nilijiona mchafu, na hakuna maji ya kunawa uchafu ule. Nikaendelea na kazi.

Jumatatu asubuhi mchezo ulikuwa tayari. Nikauunganisha kuwa faili moja na kuanza kuutuma. Mtandao unasuasua, ule mstari wa kijani kwenye skrini unasogea kwa kujivuta, lakini unasogea. Saa sita bado. Nikavua kilemba nikajipepea.

"Hodi humu!"

Huyo ni Mama Alama. Yeye hupiga hodi.

"Karibu, mwenzangu," nikasema, na mguu wangu ukalisogeza lile kasha chini ya meza. Sikuuambia mguu ufanye hivyo.

Akakaa kwenye gunia. Macho mekundu. "Nina neno, na sitaki likuumize. Kompyuta yangu tangu juzi inachechemea. Kadi za watu zimelala. Leo nimeipeleka kwa fundi, ameifungua, ananiuliza, mama, ulikuja na memori tatu au nne? Nikamwambia nne, na zote nimezipaka rangi. Akasema hapa ziko tatu."

Nikajifanya kushtuka. "Salaale!"

"Na mtu pekee aliyeifungua ni shemeji yako. Juzi Jumamosi alikuja kwangu akasema wewe ndiye umemtuma aje anipulizie vumbi, bure, kwa wema wangu kwako. Nikamwachia chumba nikaenda kumpikia chai." Akaniangalia. "Ulimtuma?"

"Mimi? Sikumtuma! Naapa!"

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Nililia kwa uchungu kabisa, maana mtu akikuibia jina inauma.

"Nilijua," akasema Mama Alama, akanishika mkono. "Nilijua tu. Nikasema huyu hawezi."

Mlango ukafunguliwa. Hodi hakuna. Injinia na yai lake, na nyuma yake mama mkwe, ambaye kumbe masikio yalikuwa ukutani tangu mwanzo.

"Mwanangu haibi!" akaanza mama mkwe kabla hajaulizwa. "Akichukua kitu, ujue ametumwa!"

"Nimetumwa, ndiyo," akasema Injinia, macho makavu. "Shemeji mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Alisema kwa Mama Alama memori ziko nne, akipunguziwa moja wala hatahisi. Muulizeni."

Nilisikia anavyotafuna.

Mama Alama hakuniachia mkono. "Ulisema hivyo?"

Nilikuwa na nafasi nyingine pale, ya pili. Nikauangalia ule mstari wa kijani. Umebakiza kidogo kufika.

"Sijawahi kutamka maneno hayo," nikasema, kwa sauti yangu ile ya redioni, iliyonyooka, isiyo na kona. "Mtu anayejichokoa sikio na meno kwa kidole kimoja, ndiye wa kumwamini kuliko mimi?"

Mama Alama akasimama, akanikumbatia. Mbele ya mama mkwe! Alinuka sabuni. "Mimi namwamini huyu," akawaambia. "Amelia na mimi, amekula na mimi. Wewe Injinia, memori yangu utaitapika hata kama umeshaiuza, lakini usimpake matope mwanamke mwenzangu." Akanigeukia, akajifuta macho. "Na ile kazi yako ya redio? Uliniahidi nitakuwa wa kwanza kuisikia."

Nikafurahi. Haya, nisemeje? Nilifurahi kuokoka, na nilitaka kusifiwa. Mkono wangu mwenyewe ndio uliobonyeza.

Mvua ikaanza kunyesha kwenye spika. Mbwa akabweka. Mjukuu akagonga mlango, bibi akakataa kufungua, mjukuu akamsihi. Hata mama mkwe akasogea. Mama Alama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka. Mpaka bibi akalegea, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mwanangu, funga mlango."

Mama Alama akapiga makofi. "Mwenzangu! Una kipaji wewe!"

Na hapo spika ikasema, "Shemeji, unaongea na nani humo?"

Wote tukamgeukia Injinia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Ule mkia. Sikuukata. Kwa kiwewe cha mashine kwenda mbio nilisikiliza mwanzo, nikasikiliza katikati, mwisho nikaupita.

Nikaruka kuishika mausi. Mama Alama akaniwahi, akaweka kiganja juu ya mkono wangu, kizito.

"Acha iseme."

Ikasema. Bibi kizee, toka, mlio wa ganda la yai, inaganda, ya Mama Alama inapaa. Kisha sauti yangu, safi, karibu kabisa na maiki, kila herufi inasikika:

"Mwanamke anachapa kadi za harusi tu, memori zote hizo za nini? Angepunguziwa kipande kimoja wala asingehisi."

Na kicheko changu. Sikuwahi kujua nacheka vibaya hivyo.

Mama mkwe akapiga kigelegele. Injinia akamenya yai lingine.

Mama Alama hakunitukana. Heri angenitukana. Alipiga magoti, akalivuta kasha kutoka chini ya meza. Nilikuwa sijalifunga ubavu. Akainama akachungulia ndani, akaliona tone lake, akalitazama muda mrefu. Alipoinuka, aliufuta kwenye gauni ule mkono alionikumbatia nao. Aliufuta kama mimi ninavyojifuta nikiguswa na Injinia.

"Nataka changu," akasema. "Sasa hivi."

"Mama Alama, nakuomba, dakika chache tu. Ikizimwa sasa kazi haifiki. Saa sita inakaribia. Ni chumba changu, wewe unajua, ni mimi kutoka humu..."

"Inatuma nini?"

"Ule mchezo."

"Huu tuliousikia?"

"Huu huu."

"Mpaka mwisho wake?"

Nikafungua kinywa kujibu, nikaelewa alichouliza. Mpaka mwisho wake. Na kicheko kimo. Watu wa redio watavaa vifaa vyao masikioni, watamsikia bibi, watamsikia mjukuu, halafu watanisikia mimi, kwa sauti ile ile wanayotaka kuiajiri, nikipanga wizi wa jirani yangu.

Mashine ikizimwa, sina kazi. Mchezo ukifika, wanajua mimi ni nani.

Ule mstari wa kijani ulikuwa umebakiza pengo dogo, upana wa ukucha. Mama Alama akanyoosha mkono mpaka kwenye swichi ya ukutani, akaiwekea kidole, akanitazama usoni. Nilimjua tangu siku ya sahani ya kwanza juu ya ukuta, na alikuwa hajawahi kunitazama hivyo.

"Sema mwenyewe," akaniambia. "Nizime, au nisizime?"